Shanga Kwenye Mkono wa Zarife

Jumatatu, 3 Novemba

Presha 14 kwa 8. Kabla ya chai.

Daktari alinipa daftari hili niandike presha tu. Namba mbili kila siku, bila sifuri za mwisho, basi. Lakini karatasi ni pana na namba mbili ni kidogo, nikaanza kuongeza maneno. Nilisoma hadi darasa la tano. Kuandika naweza. Atakayeona makosa afunge macho, kwanza nani kamwita asome.

Mjukuu wangu Zarife amekula supu vijiko vinne. Nimehesabu. Nikamwambia hiyo injini yenu inakula nini? Maana wewe huli, nadhani inakula wewe.

Akasema, "Inakula mafuta ya taa, Bibi."

"Miaka sita mnatengeneza jiko la mafuta ya taa?"

"Jiko la kurushia ndege ya vita, ndiyo."

Ndege yenyewe imeshatengenezwa, tuliiona kwenye runinga ikipita juu ya Ankara na watu wakilia. Lakini tumboni ina injini ya wageni. Wageni wakifurahi wanauza, wakinuna hawauzi. Sasa hawa kina Zarife wanatengeneza ya kwetu, hapa hapa Eskişehir. Yeye ndiye anayepanga mapanga ya mbele, yale yanayovuta hewa. Haruhusiwi kusema. Ninayoyajua nimeyajua kwa kumuudhi. Akiudhika husema.

Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe 13, wataiwasha mara ya kwanza.

Mchana nimekutana na Müzeyyen wa ghorofa ya chini kwenye ngazi. "Dada Feride, mjukuu wako amekuwa mtu mkubwa. Wangu amesoma vilevile, anauza simu." Nikasubiri aseme Mashallah, neno la kuzuia kijicho. Akaniangalia na yale macho yake ya buluu, akapanga mifuko yake, akashuka. Hakusema.

Hakusema kabisa.

Jumanne, 4 Novemba

Presha 15 kwa 9. Ni Müzeyyen huyo.

Jioni nimemkalisha Zarife kwenye kigoda, nikamfunika shuka, nikayeyusha risasi, yale madini laini ya kuondolea kijicho, kwenye kikaango cha zamani nikaimwaga kwenye bakuli la maji juu ya kichwa chake. Chini ya shuka alikuwa anasoma simu. Mhandisi mzima. Risasi ikapasuka, paa, ikatoka na vitundu. Vitundu kumi na moja, kila kimoja jicho. Nikamwonyesha. Akasema, "Bibi, hicho ni chuma cha moto kimekutana na maji baridi." Nikamwambia na wewe ni kichwa baridi kimekutana na mdomo wa moto.

Kisha nilifanya jambo langu.

Wiki iliyopita alilalamika kwamba pindo la mkono wa ovaroli yake ya kazi limelegea. Kiwandani wana fundi wa kushona, lakini anashona kama anayefunga gunia la vitunguu. Nikamsumbua siku tatu aniletee. Akasema hairuhusiwi kutoka nazo. Nikasema hata mkono wangu hauruhusiwi? Leo kaleta, kaikunja chini ya koti kama mwizi wa kuku. Nimewashonea maharusi wa mtaa huu miaka arobaini. Mshono wangu haujawahi kufumuka kwa mtu.

Nikatoa mpira uliochoka nikatia mpya. Halafu, Zarife yuko bafuni, nikafungua kopo la vifungo. Ile kamba ya shanga za jicho, kinga ya kijicho, niliyonunua wiki aliyozaliwa. Nikakata moja, ndogo kama njegere, buluu, jicho jeupe katikati, nikaishonea ndani ya pindo la mkono wa kulia. Mkono ndio unaofanya kazi. Mkono ndio unaoonewa kijicho. Nikafunga pindo. Hata mimi mwenyewe nikipapasa siioni.

Sasa Müzeyyen aangalie mpaka macho yatoke.

Jumatano, 5 Novemba

Presha 13 kwa 8. Nimelala vizuri. Kabichi ya achari imeanza kuchachuka.

Alhamisi, 6 Novemba

Sijapima.

Zarife kachelewa, nikamuudhi kidogo ili aseme. Nikamwambia siku nzima mnafanya nini huko, mnapiga umbea? Akatupa kijiko. Akasema leo hawakufanya kazi kabisa. Asubuhi nati moja ilikosekana kwenye trei. Nati moja. Watu thelathini wakasimamisha kila kitu wakapiga magoti sakafuni na tochi. Wameipata saa tisa, kwenye soli ya kiatu cha mtu.

Nikasema nati moja tu? Si mtoe nyingine dukani?

Akaniangalia kama ninavyomwangalia Müzeyyen. "Bibi, kile kitu kinavuta hewa kama dunia nzima inavuta pumzi. Kikiingia kitu kidogo kama punje ya dengu, kinagonga panga la kwanza, panga linakatika, kipande kinagonga la pili. Sekunde moja. Halafu vipande vinatoka pembeni. Vinapenya chuma."

"Na nyinyi mnasimama wapi?"

"Nyuma ya ukuta."

"Ukuta wa nini?"

Akasema ndiyo maana wanavua pete, saa, hereni, kila kitu. Ovaroli hazina kifungo wala mfuko. Kalamu zinahesabiwa asubuhi na jioni. Mtu akiingia na pini tu kwenye nguo anafukuzwa.

Nikainuka nikaosha chungu kilichokuwa kisafi.

Ijumaa, 7 Novemba

Presha 17 kwa 10.

Asubuhi nilimwambia ailete tena ovaroli. Nikasema uzi ule sikuupenda, nirudie. Akasema mara moja tu ndio mara moja, Bibi. Nikasema mshono wangu ukifumuka mbele ya watu nitazikwa na aibu. Kwa hilo akakubali, ananijua.

Kaileta. Nimeingia nayo chooni nikafunga mlango. Nikapapasa pindo la mkono wa kulia.

Pindo limefunguka upana wa kidole. Uzi upo, umekatika, unaning'inia. Shanga haipo.

Nilitumia uzi wa kopo. Uzi ule ni wa zamani, toka mume wangu Seyfettin yuko hai. Nilijua. Nikaona uvivu kwenda kuchukua mpya chumbani, maji ya bafu yalikuwa yameshanyamaza, nikaharakisha. Miaka arobaini, halafu hivi.

Nikashona pindo upya. Nikampa. "Tayari, Bibi?" Tayari.

Sikusema.

Jumamosi, 8 Novemba

Presha 17 kwa 11.

Nimetafuta. Chini ya kitanda chake, kwenye viatu, kwenye mfuko wa mashine ya kufyonza vumbi. Huo niliumwaga wote juu ya gazeti nikapekua na uma. Kwenye lifti. Kwenye ngazi, kwa magoti. Müzeyyen kafungua mlango. "Umepoteza nini, dada?" Nikasema akili. Akasema, "Nikiiona nitakuletea." Ana ulimi leo, huyo.

Haipo. Alivaa Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Siku tatu mkono ule umeingia na kutoka mle ndani.

Jumapili, 9 Novemba

Presha 16 kwa 10, nimekunywa kidonge kabla ya kupima, kwa hiyo ni uongo.

Nimekaanga chiborek, sambusa kubwa za nyama, zile za mama yangu. Akila hunena. Kala sita. Nikamuuliza Alhamisi itakuwaje.

Wageni wa heshima watatoka Ankara. Watachinja kondoo dume wawili uwanjani, watu wataiombea, kisha wageni watakaa jengo la mbali waangalie kwenye skrini. Watakaokaa karibu ni sita tu, nyuma ya ukuta na kioo. Yeye ni mmoja wao. Anasema kama mtu anayesema anaenda harusini.

Nikauliza, nikijifanya sijali, na mtu akigundua kwamba kuna kitu kimeingia humo, kwa bahati mbaya tu, anafanyaje?

"Anasema."

"Halafu?"

"Halafu wanafungua yote. Wiki, miezi. Na yeye anaenda kukaa kwenye chumba na watu wasiocheka, wanamuuliza nani kamtuma. Hii si jiko la mafuta ya taa, Bibi. Wapo wanaotaka ipasuke."

Nani kamtuma. Wataambiwa kamtuma bibi yake na kopo la vifungo. Nani ataamini.

Nikisema, wanamchukua. Nisiposema, anasimama nyuma ya kioo.

Namfikiria Seyfettin. Alikuwa mwanafunzi wa ufundi kwenye karakana ya reli walipotengeneza lile gari, la kwanza kutengenezwa na mikono yetu. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Likapelekwa Ankara kwa treni, mbele ya wakubwa likaenda kidogo tu likazimika. Petroli haikutiwa ya kutosha. Gari lilikuwa zima. Lakini magazeti yakacheka, na watu wakacheka miaka yote, wakasema sisi hatuwezi. Seyfettin mpaka anakufa akisikia mtu anasema neno petroli anatoka chumbani. Na yeye hata hakuwa mtia petroli. Alipiga msasa milango.

Baba na mama wa huyu mtoto wako Ujerumani. Walisema watamchukua baadaye. Baadaye haikuja, nikamlea mimi. Sina mwingine.

Jumatatu, 10 Novemba

Presha asubuhi 18 kwa 11. Sasa sijui.

Nilikuwa jikoni, nasuuza mchele. Saa tatu na dakika tano king'ora kikalia. Kisha kingine. Kisha mji mzima, vya viwandani, vya treni, honi za magari. Nikajua imepasuka. Sikufikiri kwamba siku bado haijafika. Nikajua tu. Bakuli likaniponyoka, nikakaa chini kwenye mchele na maji, nikaita jina lake. Nikaita kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Müzeyyen kagonga, kaingia na ufunguo wangu anaokaa nao. Kanikuta sakafuni. "Dada Feride, leo ni tarehe kumi. Ni king'ora cha kumbukumbu. Simama, watu wote wamesimama." Kila mwaka tangu nizaliwe nasimama dakika mbili kwa ajili ya aliyeanzisha jamhuri, nimesimama na mimba, nimesimama na mguu uliovunjika, na leo nimekaa kwenye mchele nalia. Akakaa na yeye chini, na goti lake baya. Mwanamke yule. Akafagia mchele.

Nikaamua pale pale.

Jioni nilimwacha ale kwanza. Kisha nikaweka kopo la vifungo mezani, nikatoa ile kamba.

Nikasema, "Nilishona moja kama hizi kwenye mkono wa ovaroli yako. Jumanne iliyopita. Ijumaa haikuwepo."

Nilidhani atapiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, nilikuwa na majibu. Hakupiga. Rangi ilimtoka usoni polepole, toka paji la uso kushuka, kama pazia.

"Mkono upi?"

"Wa kulia."

"Ni kioo au plastiki?"

"Kioo. Mimi sinunui plastiki."

Akakata moja akaipima kwa kidole, akaitia kwenye mfuko mdogo wa nailoni.

"Ijumaa ulijua," akasema. "Ukanishonea pindo ukanipa. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili."

Nikasema niliogopa watakuchukua.

"Na Alhamisi uliogopa nini, Bibi? Alhamisi tungeiwasha. Mkuu wangu Tacettin ana watoto watatu, anakaa kiti cha pembeni yangu."

Hakuna aliyewahi kunisemesha hivyo katika nyumba hii. Nilistahili. Nikasema waambie ni mimi, niliificha, hukujua. Akasema, "Nilitoa ovaroli nje ya lango, Bibi. Mara mbili. Hilo nilijua."

Kapiga simu sebuleni kasimama wima. Nilisikia, "Bwana Tacettin, samahani kwa saa hizi. Simamisheni kila kitu." Kisha akasikiliza, akasema ndiyo, ndiyo, ndiyo, mimi.

Kavaa koti. Nikamfuata na gilasi ya maji, nikamwaga ngazini nyuma yake aende kama maji na arudi kama maji. Mkono ulifanya wenyewe. Akageuka akaona ngazi zimelowa. Nilidhani atasema tena habari za ushirikina. Akasema, "Angalia usiteleze."

Jumanne, 11 Novemba

Presha 18 kwa 11.

Hakurudi kulala. Simu yake imezimwa.

Saa nne wamekuja wanaume wawili wenye suti na yule Tacettin. Wenye suti hawakuvua viatu. Nikasema katika nyumba hii viatu vinavuliwa, hata na polisi. Wakavua. Mmoja soksi yake ina tundu, nikajisikia nafuu kidogo.

Mkubwa wao akaniita shangazi. Nikamwambia mimi na baba yako hatujuani, niite Feride. Akauliza nani aliniambia nishone kitu kwenye nguo ya kazi. Nikasema Müzeyyen. Akaandika. Nikasema ngoja, usiandike, yeye hakusema neno, ndiyo maana nilishona. Kalamu ikasimama hewani. Ilibidi nimweleze habari ya Mashallah toka mwanzo. Yule wa soksi akageuza uso dirishani. Mama yake naye anamwaga risasi, niliona mabega yake yakitikisika kwa kicheko.

Wakamwaga kopo mezani. Kamba ilikuwa na shanga ngapi? Tisa. Ziko wapi? Moja kwenye susu ya Zarife alipokuwa mchanga, iko kwenye sanduku. Moja juu ya mlango, mmepita chini yake. Moja kaichukua Zarife jana. Moja ndiyo hiyo. Wakahesabu zilizobaki. Tano. Wakahesabu tena. Mwanaume mzima ana bastola, anahesabu shanga kwa ncha ya kalamu. Wakachukua zote tano, na uzi, na sindano yangu.

Tacettin alibaki nyuma mlangoni anavaa viatu. Mtu mnene, macho mekundu. Nikasema mtoto hana kosa. Akasema, "Mama, wote tunavua pete pale getini. Hata mimi." Nikasema yuko wapi? Akasema, "Anafungua injini. Nimewaambia hakuna anayejua mahali mkono wake ulipopita zaidi yake. Wakimaliza ndipo watamchukua wamuulize."

Wageni wa Ankara wameambiwa imeahirishwa, ni hali ya hewa. Nje kuna jua.

Kondoo wawili wamerudishwa, nasikia. Angalau hao wana bahati.

Jumatano, 12 Novemba

Sijapima na sitapima.

Zarife amepiga saa sita mchana. Sauti yake kama karatasi. Hajalala. Anasema wameingiza kamera ya waya mpaka ndani, wakatoa mapanga ya mbele moja moja, wamelaza kila kitu juu ya kitambaa cheupe. Nikasema umekula? Akasema Bibi nisikilize.

Wameokota kipande cha kioo. Sakafuni, chini ya kigari cha vifaa, kimekanyagwa.

Nikapiga magoti hapo hapo na simu sikioni nikamshukuru Mungu. Nikasema basi, haikuingia, imekwisha, njoo nyumbani ule.

Akanikatiza.

"Ni nusu tu," akasema. "Bibi, ile shanga ilikuwa na jicho jeupe, sivyo?"

Nikasema ndiyo. Zote zina jicho.

"Tulichopata ni buluu tupu."

Nyuma yake nilisikia mtu anahesabu kwa sauti, arobaini na moja, arobaini na mbili, na chuma kikiwekwa juu ya kitambaa taratibu.

Kisha akasema wananitaka. Wana vipande vingine vidogo kwenye sahani, vya kioo au vya kitu kingine, hawajui, na mimi ndiye ninayeijua shanga ile. Nimeitazama miaka ishirini na tisa. Gari litakuja. Nikasema na wewe, wakishanimaliza mimi? Akasema, "Njoo kwanza, Bibi." Akasema nisivae kitu chenye kifungo, wala pini ya kilemba, wala saa, wala chochote. Alisema mara mbili. Nilisikia anaogopa kunikemea.

Sina gauni lisilo na kifungo. Müzeyyen kanipa lake, la mpira kiunoni, linaning'inia kama pazia la bafu. Kanifunga kilemba kwa fundo badala ya pini. Akarudi nyuma aniangalie, na macho yake yale, akasema, "Mashallah, dada." Sasa ndiyo anasema.

Pete ya Seyfettin ilikataa. Miaka hamsini na nane haijatoka kidoleni. Nimetumia sabuni, kisha mafuta ya kula, kisha uzi niliouzungusha kwenye kidole kama tunavyofanya kwa maiti. Imetoka na ngozi kidogo. Iko hapa juu ya karatasi wakati naandika. Kidole chini yake ni cheupe, kama cha msichana.

Nimepapasa mapindo yote ya gauni hili. Mkono wa kulia mara tatu.

Gari liko chini. Wanapiga kengele, na mimi bado nina hereni moja, hii ya kushoto, kitanzi chake hakifunguki.